Kuweka mipangilio ya maingizo ya volteji kwenye NI USB-6009: mfano wa betri ya sola ya volti 12

Maswali ya wanaoanza kutumia kifaa cha kukusanya data ni yale yale kila mara. Mbona chaneli ambayo haijaunganishwa na kitu inasoma volti 1.4? Mbona betri ambayo multimita inaonyesha ina volti 14.4 inaonekana kwenye kompyuta ikiwa na 12.6? Mbona nimechagua wigo wa volti 20 lakini betri ya 14 haisomeki? Anayeuliza huwa ameshapitia kila menyu ya programu, na bado namba hazikai sawa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya majibu haimo ndani ya programu. Imo kwenye waya, kwenye rezista, na kwenye uamuzi wa mahali pa kufunga ardhi ya kifaa. Mwongozo huu kwa hiyo unaanzia kwenye waya na kumalizia kwenye kompyuta.

Kifaa tutakachotumia ni NI USB-6009 (NI ni kampuni ya National Instruments), kisanduku kidogo chenye skrubu pembeni ambacho kinapatikana katika maabara nyingi za vyuo. Kazi yetu ni kupima vitu viwili kwenye mfumo mdogo wa sola: volteji ya betri ya asidi ya volti 12, na mkondo unaotoka au kuingia kwenye betri hiyo kupitia shanti, yaani rezista ndogo sana inayopitisha mkondo wote na kutoa milivolti chache zinazolingana nao. Ukiweza kufanya hivi viwili kwa usahihi, volteji nyingine za umeme wa moja kwa moja (DC) hazitakusumbua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- NI USB-6009 pamoja na waya wake wa USB, na kompyuta ya Windows iliyosakinishwa draiva ya NI-DAQmx. Sakinisha draiva kwanza, ndipo uchomeke kifaa.
- Multimita unayoiamini. Hii ndiyo itakayokuwa hakimu wa vipimo vyote, kwa hiyo badilisha betri yake ikiwa imeanza kuonyesha dalili ya kuisha.
- Rezista moja ya omu 1,000 na moja ya omu 470, za robo wati, zenye ustahimilivu wa asilimia 1.
- Shanti ya ampea 50 na milivolti 75, yaani inayotoa milivolti 1.5 kwa kila ampea moja.
- Fyuzi mbili ndogo pamoja na vishikio vyake: moja ya miliampea 500, nyingine ya miliampea 100.
- Waya mwembamba wa nyuzi, bisibisi bapa ndogo, kikata waya, na betri moja ya tochi ya volti 1.5 kwa ajili ya majaribio.

Usinunue rezista za asilimia 5 kwa sababu tu zinapatikana kila duka. Zikikosea kwa pande zinazopingana, betri ya volti 14.4 inaweza kusomeka ikiwa imepungua au kuzidi kwa karibu volti moja, na kwa betri ya asidi volti moja ndiyo tofauti kati ya betri iliyojaa na betri iliyokwisha.

Mambo machache ya kifaa chenyewe

Nadharia itakuwa fupi, lakini namba hizi lazima uwe nazo kichwani, kwa kuwa hatua zote zinazifuata.

Kifaa kina maingizo manane ya analogi, ai0 hadi ai7. Unaweza kuyatumia yote manane kwa kupima kila moja dhidi ya ardhi ya kifaa, njia ambayo kwenye programu imeandikwa "RSE", au ukayaunganisha mawili mawili upate jozi nne zinazopima tofauti ya volteji kati ya waya mbili, njia iliyoandikwa "Differential". Katika RSE wigo ni mmoja tu, volti 10 hasi hadi 10 chanya, na kipimo kina biti 13. Katika njia ya tofauti kuna biti 14, na unaweza kuchagua wigo kuanzia volti 1 hadi volti 20 kwa kila upande wa sifuri.

Jozi hazipangwi kwa mfuatano. Mwenzake ai0 ni ai4, wa ai1 ni ai5, wa ai2 ni ai6, na wa ai3 ni ai7. Kwenye skrubu, ai0 ni namba 2 na ai4 ni namba 3. Ai1 ni namba 5 na ai5 ni namba 6. Skrubu namba 1, 4, 7, 10, 13 na 16 zote ni ardhi ya kifaa, yaani GND. Anayeunganisha chanya kwenye ai0 na hasi kwenye ai1 akitarajia kupata jozi atapoteza siku nzima.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Ingizo la USB-6009 lina ukinzani wa kiloomu 144 tu, na ndani yake limevutwa kuelekea volti 1.4 na rezista zilizomo kwenye kifaa. Ndiyo maana chaneli isiyounganishwa inasoma takriban volti 1.4: si hitilafu, wala si volteji inayotoka kwenye mfumo wako. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa megaomu 10, na hapo ndipo tofauti kati ya vyombo hivi viwili inapozaliwa.

Tahadhari za usalama

USB-6009 haina utengano wa umeme kati ya maingizo na kompyuta. GND ya kifaa ni hasi ya USB, na hasi ya USB ni hasi ya kompyuta yako. Kwa hiyo:

Usiunganishe ingizo lolote na umeme wa volti 230, hata kwa kupitia rezista. Kazi hiyo ina vyombo vyake.

Usiunganishe kifaa na waya za paneli zinazoingia kwenye inveta ya mseto isiyo na transfoma. Katika inveta za aina hiyo, upande wa paneli unaweza kuwa na volteji hatari ukilinganisha na ardhi, ingawa waya zenyewe ni za umeme wa moja kwa moja.

Usidhani kwamba hasi ya paneli na hasi ya betri ni kitu kimoja. Chaji kontrola (vidhibiti vya kuchaji betri kutoka kwenye paneli) nyingi ndogo za bei nafuu huunganisha chanya za pande zote na kukatia mkondo upande wa hasi. Ukifunga GND kwenye hasi ya betri kisha ukaunganisha hasi ya paneli kwenye GND nyingine ya kifaa, utakuwa umeipita kontrola kwa waya mwembamba na mkondo wote wa paneli utapitia ndani ya kifaa chako. Pima kwanza kwa multimita kati ya hasi hizo mbili jua likiwaka. Ukiona volteji yoyote ya maana, ziache mbalimbali.

Usiichaji kompyuta kwa chaja ya gari iliyochomekwa kwenye mfumo huo huo unaoupima. Chaja nyingi za gari hupitisha hasi moja kwa moja, kwa hiyo sehemu ya mkondo itarudi kwenye betri kupitia USB na waya wa GND bila kugusa shanti. Kipimo kitakuwa cha uongo, na siku waya mkubwa wa hasi utakapolegea, mzigo wote utajaribu kurudi kupitia waya wa USB. Fyuzi ya miliampea 100 tutakayoiweka kwenye waya wa GND ni kwa ajili ya siku hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kifaa kinaonekana. Chomeka USB bila kuunganisha waya wowote kwenye skrubu. Taa ya kijani kwenye kifaa inapaswa kuwakawaka. Fungua programu ya NI MAX, ingia kwenye orodha ya vifaa, na utafute USB-6009. Jina lake kwa kawaida ni Dev1, lakini kompyuta iliyowahi kuona vifaa vingine inaweza kuliita Dev2 au Dev3. Andika jina hilo kama lilivyo, kisha bonyeza "Self-Test". Isipopita hapo, usiendelee. Tafuta waya mwingine wa USB au tundu jingine la kompyuta kwanza.

2. Jaribu kwa kitu unachokijua. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inakupa uhakika wa kifaa kabla hujaingiza matatizo ya mfumo wako. Unganisha chanya ya betri ya tochi kwenye skrubu namba 2, hasi yake kwenye namba 3, na waya mfupi kutoka hasi hiyo hiyo hadi namba 1. Kwenye NI MAX fungua "Test Panels", chagua ai0, weka "Differential", kikomo cha juu 5 na cha chini -5, kisha anza. Namba inayoonekana ilingane na multimita kwa tofauti ya milivolti chache. Halafu ondoa betri, unganisha skrubu 1, 2 na 3 pamoja, na uangalie kwamba kipimo kinarudi karibu na sifuri.

Kagua pia kwamba hujabadilisha plagi za skrubu. Plagi mbili za kifaa zina umbo moja. Ya analogi ni ile ya namba 1 hadi 16. Ukizibadilisha, waya za betri zitaingia upande wa kidijitali, ambao haukutengenezwa kwa volteji hizo.

3. Tengeneza kigawa volteji. Hapa swali la wigo wa volti 20 linajibiwa. Wigo huo unahusu tofauti kati ya waya mbili, lakini kila waya peke yake lazima ubaki ndani ya volti 10 kutoka GND. Hasi ya betri ikiwa imefungwa kwenye GND, chanya iko volti 12 hadi 14 juu yake, nje ya mpaka. Kifaa hakitaungua, kwa sababu maingizo yanalindwa hadi volti 35, lakini kipimo kitagota mahali pamoja na kubaki hapo. Ni lazima volteji ipunguzwe.

Unganisha rezista ya omu 1,000 kutoka chanya ya betri hadi sehemu ya katikati, na ile ya 470 kutoka katikati hadi hasi ya betri. Katikati patakuwa na volteji ya betri iliyogawanywa kwa 3.128: volti 14.4 zinakuwa 4.60. Mkondo unaopotea ni chini ya miliampea 10, na rezista kubwa inapata joto la takriban sehemu moja ya kumi tu ya wati, kiasi kinachovumilika na rezista ya robo wati.

Wanaoanza hupenda kutumia kiloomu 100 na kiloomu 47 ili kuokoa umeme. Uwiano ni ule ule, na kwa multimita matokeo ni mazuri kabisa. Kwenye USB-6009 hayafai, kwa kuwa ingizo lenye kiloomu 144 linakuwa mzigo juu ya kigawa chenyewe na kukivuta kuelekea ile volti 1.4. Jedwali hili limekokotolewa kwa betri yenye volti 14.4 kamili:

| Rezista ya juu | Rezista ya chini | Inayosomeka katikati | Volteji ya betri baada ya kuzidisha |
|---|---|---|---|
| kiloomu 100 | kiloomu 47 | 4.02 | 12.58 |
| kiloomu 10 | kiloomu 4.7 | 4.53 | 14.18 |
| kiloomu 1 | omu 470 | 4.60 | 14.38 |

Tazama mstari wa kwanza. Betri inachajiwa vizuri kwa volti 14.4, lakini kompyuta inasema 12.58, namba inayofanana kabisa na betri iliyopumzika. Kosa la namna hii ni baya kwa sababu halijitangazi. Namba inaonekana ya kawaida, na mtu anaweza kuandika ripoti nzima juu yake.

Kabla ya kuchomelea, pima kila rezista kwa multimita na uandike thamani yake halisi, maana uwiano utakaoutumia kwenye hesabu ni ule uliopimwa. Kwa mfumo wa volti 24 tumia kiloomu 3.3 juu na kiloomu 1 chini. Kwa mfumo wa volti 48 singeshauri kutumia kifaa hiki bila utengano, kwani rezista ya chini ikikatika, ingizo litakutana na volteji inayozidi ulinzi wake.

4. Funga waya za volteji. Weka fyuzi ya miliampea 500 kwenye chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya kigawa. Kigawa nacho kikae karibu na betri, si karibu na kompyuta, ili waya mrefu ubebe volti chache tu. Kutoka katikati ya kigawa peleka waya hadi skrubu namba 2. Kutoka mguu wa chini wa rezista ya 470, pale pale unapogusa hasi ya betri, peleka waya wa pili hadi skrubu namba 3. Sokota waya hizi mbili pamoja njia nzima.

Waya wa tatu unatoka hasi ya betri, unapitia fyuzi ya miliampea 100, na kuishia skrubu namba 1. Huu ndio waya ambao watu huuacha wakisema kwamba njia ya tofauti haihitaji ardhi. Inaihitaji. Bila waya huo, betri yote inaelea ikilinganishwa na kifaa, na waya mbili za kipimo zinaweza kupanda pamoja hadi nje ya volti 10 bila wewe kujua, hasa pale chaja ya kompyuta ina pini mbili tu na haina ethi.

5. Funga waya za shanti. Shanti iwe kwenye hasi, kati ya betri na kila kitu kingine. Ina boliti mbili kubwa za mkondo na skrubu mbili ndogo za kipimo. Waya za kipimo zikae kwenye zile skrubu ndogo. Ukizibana chini ya boliti kubwa, utapima pia upotevu wa volteji wa kiunganishi cha waya mkubwa, na katika milivolti 75 za jumla upotevu huo si mdogo.

Skrubu ndogo ya upande wa mzigo iende namba 5, ambayo ni ai1. Ya upande wa betri iende namba 6, ambayo ni ai5. Kwa mpangilio huu, mkondo unaotoka kwenye betri utasomeka chanya, na unaoingia wakati wa kuchaji utasomeka hasi. Waya wa GND uliokwisha kuufunga kwenye hasi ya betri unatosha. Usifunge GND ya pili upande wa mzigo, kwani utakuwa umeiunganisha shanti kwa njia ya pembeni.

6. Chagua wigo. Kanuni ni moja: wigo mdogo kuliko wote unaobeba volteji kubwa unayoitarajia. Kwa ai0 volti 5 zinatosha, maana zinafikia volti 15.6 za betri, na hatua moja ya kipimo ni takriban milivolti 2 za betri. Ikiwa kontrola yako hufanya chaji ya kusawazisha inayopanda hadi karibu volti 16, chagua volti 10 badala yake.

Kwa ai1 chagua volti 1, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote. Hapa inafaa kusema ukweli kuhusu mipaka ya kifaa. Hatua moja ya kipimo katika wigo huo ni milivolti 0.122, sawa na ampea 0.08 kwa shanti yetu. Kosa la kawaida la kifaa katika wigo huo ni takriban milivolti moja na nusu, yaani karibu ampea moja nzima. Kwa mfumo unaobeba ampea 20 au 30 hilo linavumilika, hasa baada ya kuondoa kosa la sifuri katika hatua ya 8. Kwa mfumo wa taa tatu na simu halivumiliki. Tumia kikuzaji cha ishara au kihisi mkondo chenye kutoa volti kamili. Vipima mionzi ya jua vinavyotoa milivolti 10 au chini vina shida hiyo hiyo, na kubadilisha mipangilio hakutaiondoa.

Kumbuka pia kwamba ukiwa katika RSE na ukaandika kikomo cha volti 1, programu haitalalamika. Itakupa volti 10 kimya kimya, na utashangaa kwa nini kipimo kinaruka kwa hatua kubwa.

7. Chagua kasi ya sampuli. Kifaa kina uwezo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, lakini hizo zinagawanywa kwa chaneli zote, kwa kuwa kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza volteji kuwa namba, ni kimoja na chaneli zinasomwa kwa zamu. Kwetu sampuli 1,000 kwa sekunde kwa kila chaneli zinatosha na kubaki.

Mtu anaweza kusema kwamba betri hubadilika polepole, kwa hiyo sampuli 100 zinatosha. Si hivyo iwapo kuna inveta. Inveta ya hetsi 50 huvuta mkondo kwenye betri kwa mawimbi ya hetsi 100. Ukichukua sampuli 100 kwa sekunde, kila sampuli itaangukia karibu mahali pale pale pa wimbi: huenda kileleni, huenda bondeni. Utaona mstari ulionyooka na wenye kupendeza ambao si wastani wa kweli. Chukua 1,000, kisha pata wastani wa muda unaogawanyika kwa milisekunde 20, ambao ni mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hetsi 50. Wastani wa sampuli 100, 200 au 1,000 utafuta mawimbi hayo pamoja na kelele za umeme zinazoingia kwenye waya.

Kwa Python, ukiwa umesakinisha maktaba ya nidaqmx, mipangilio yote inakaa hivi:

```
import nidaqmx
from nidaqmx.constants import TerminalConfiguration, AcquisitionType

N = 1000
with nidaqmx.Task() as kazi:
    kazi.ai_channels.add_ai_voltage_chan(
        "Dev1/ai0", terminal_config=TerminalConfiguration.DIFF,
        min_val=-5.0, max_val=5.0)
    kazi.ai_channels.add_ai_voltage_chan(
        "Dev1/ai1", terminal_config=TerminalConfiguration.DIFF,
        min_val=-1.0, max_val=1.0)
    kazi.timing.cfg_samp_clk_timing(
        1000, sample_mode=AcquisitionType.FINITE, samps_per_chan=N)
    data = kazi.read(number_of_samples_per_channel=N)

ghafi_v = sum(data[0]) / N
ghafi_i = sum(data[1]) / N
print(ghafi_v, ghafi_i)
```

Katika matoleo ya zamani ya maktaba hiyo, neno DIFF liliandikwa DIFFERENTIAL. Usiiache sehemu ya terminal_config wazi kwa kutegemea chaguo la kawaida. Anayesoma programu yako mwakani anapaswa kuona bila kukisia jinsi waya zilivyofungwa.

8. Linganisha na multimita. Zima mizigo yote na utenganishe paneli, ili mkondo kwenye shanti uwe sifuri. Andika ghafi_i: hilo ndilo kosa la sifuri. Mkondo wa kweli ni ghafi_i ukitoa kosa hilo, kisha ugawanye kwa 0.0015. Rudia kipimo hiki kifaa kikiwa kimepata moto wa kazi, kwa sababu sifuri husogea kadiri joto linavyobadilika.

Kwa volteji, chukua vipimo viwili vilivyo mbali: kimoja betri ikiwa imepumzika asubuhi, kingine ikiwa inachajiwa mchana. Kila mara andika ghafi_v na namba ya multimita iliyopimwa kwenye nguzo za betri zenyewe. Kutokana na jozi hizo mbili tafuta mteremko na nyongeza, ili volteji ya betri iwe mteremko mara ghafi_v, kisha ujumlishe nyongeza. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu kivuto kile cha volti 1.4 hubadilisha vyote viwili. Mteremko ukitoka mbali na 3.13, tuseme 3.4, usiukubali, rudi ukapime rezista zako.

Matatizo yanayotokea mara kwa mara

*Kipimo kimekaa karibu na volti 1.4 na hakibadiliki.* Waya haujafika. Skrubu imebana plastiki ya waya badala ya shaba, fyuzi imekatika, au umeunganisha chaneli tofauti na uliyoichagua. Katika njia ya tofauti, waya zote mbili zikiwa hewani utaona karibu na sifuri, kwa kuwa zote zimevutwa kwenye volti 1.4 ile ile. Usidanganyike ukadhani kwamba kipimo ni kizuri.

*Volteji iko chini kuliko ya multimita, na tofauti inaongezeka betri inapojaa.* Rezista za kigawa ni kubwa mno. Rudi hatua ya 3.

*Kipimo kinarukaruka.* Chomoa chaja ya kompyuta uangalie. Kelele zikipungua, chanzo ni chaja au kuna ardhi mbili zinazopingana mahali fulani kwenye mfumo. Zisipopungua, kagua waya wa GND na fyuzi yake, kisha usogeze waya za kipimo mbali na zile za inveta.

*Mkondo unasoma kinyume.* Waya za namba 5 na 6 zimebadilishana. Zibadilishe kwenye skrubu. Kuweka alama ya kutoa ndani ya programu kutamchanganya atakayekuja baada yako.

*Mkondo unasoma pungufu mzigo mmoja unapowashwa.* Hasi ya mzigo huo imefungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, ikaipita shanti. Ifuate kwa mkono hadi uione.

*Hitilafu -200220.* Jina la kifaa si sahihi. Linganisha Dev1 yako na iliyo kwenye NI MAX.

*Hitilafu -50103.* Kifaa kinatumiwa na programu nyingine, mara nyingi "Test Panels" iliyoachwa wazi, au Python iliyokatishwa katikati. Funga zote mbili.

*Hitilafu -200077.* Umeomba kitu ambacho kifaa hakina, kama njia ya NRSE (kupima dhidi ya rejea isiyo GND ya kifaa) au kikomo kinachozidi wigo wake.

*Hitilafu -200279.* Hutokea unapopima mfululizo na programu inachelewa kusoma, hadi sampuli za zamani zinafutwa kabla hazijachukuliwa. Soma sampuli nyingi zaidi kwa kila mara, na uondoe kazi nzito, kama kuchora grafu, kutoka ndani ya mzunguko wa kusoma.